Kisanduku cha picha za babu: namna ya kuisoma karakana ya mkonge

SWALI

Shikamoo mzee. Mimi ni mkazi wa Muheza. Babu yangu mzaa mama alikuwa fundi kwenye karakana ya shamba la mkonge, huku baina ya Muheza na Tanga mjini. Alifariki zamani, na karakana yenyewe imebaki kuta na misingi ya zege. Bibi ametukabidhi kisanduku cha bati chenye picha zipatazo arobaini, nyingi hazina maandishi. Moja ni ya kahawia, ukubwa wa kadi ya posta: wanaume wamesimama mbele ya mtambo wenye gurudumu kubwa, na ubavuni mwa mtambo nasoma herufi …USONWERK. Nyingine ni ndogo, kingo zake zimekatwa mawimbimawimbi, inaonyesha kiberenge na matoroli ya mkonge. Ya tatu ni ya rangi, watu wako kwenye sherehe mbele ya karakana. Nataka kujua karakana hii ilijengwa lini, na nani, na ilifanya kazi gani hasa. Nianzie wapi? Na je, picha hizi zina thamani?

JIBU

Marahaba, mwanangu. Umebahatika kuliko unavyodhani. Maelfu ya watu walimaliza nguvu zao kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga bila kupigwa picha hata moja, na waliopigwa wengi wao walipangwa nyuma ya meneja kama sehemu ya mali yake. Fundi aliyetunza picha arobaini kwenye bati alijua anachokitunza. Na hizo tatu ulizozieleza zinaelekea kuwa za nyakati tatu tofauti, jambo ambalo litakurahisishia kazi.

Kwanza nikuombe usiulize "picha hii ni ya mwaka gani?" Swali hilo humsukuma mtu kukisia, na akishakisia huanza kuona kila kitu kinachomuunga mkono. Uliza maswali mawili: picha hii haiwezi kuwa imepigwa kabla ya lini, na haiwezi kuwa imepigwa baada ya lini? Mtambo, paa, waya, kofia ya mtu, karatasi yenyewe ya picha, kila kimoja kinasogeza mpaka wa chini au wa juu. Endelea kuibana mipaka hiyo. Mwisho utabaki na miaka michache ambayo unaweza kuitetea mbele ya mtu yeyote.

Kabla ya uchambuzi wowote, zipe picha zote namba kwa penseli laini, nyuma, pembeni kabisa, bila kukandamiza. Wino usiutumie. Kisha zipige skani mbele na nyuma, nukta 600 kwa inchi kwa kiwango cha chini, na zile ndogo 1200. Watu husahau upande wa nyuma, na mara nyingi ndiko kwenye ushahidi: mhuri wa studio, jina la karatasi, tarakimu za penseli ambazo mwosha picha alijiandikia. Halafu usizipitishe kwenye zile programu za simu zinazong'arisha sura na kutia rangi. Programu hizo zikikuta herufi iliyofifia huchora herufi inayofanana nayo, na wewe utakuwa unasoma kibao ambacho hakijawahi kuwepo. Kuza picha ya skani kama ilivyo, ongeza weusi na weupe kidogo, basi.

Tuje kwenye picha ya kahawia, maana hiyo ndiyo iliyobeba mengi.

Herufi ulizosoma ni mkia wa jina Grusonwerk, kiwanda kilichokuwa Buckau, kitongoji cha mji wa Magdeburg, Ujerumani. Hermann Gruson alikianzisha mwaka 1855. Mwaka 1893 kilichukuliwa na Krupp, kampuni ya chuma ya mji wa Essen, na tangu hapo mitambo ikatoka na jina Fried. Krupp Grusonwerk. Tazama herufi zinazotangulia. Ukiona hata nusu ya neno KRUPP, mpaka wako wa chini ni 1893. Mwaka huohuo ndio mkonge ulioingia nchini kwetu. Richard Hindorf wa kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, ikafika hai 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Mashamba yote ya Tanga yaliyofuata yalitoka kwenye miche ile. Mwaka 1893 pia ndipo reli ya Usambara ilipoanza kujengwa kutoka Tanga, na kufika Moshi ikachukua mpaka 1911. Karakana kubwa ya shamba isingeweza kusimama kabla reli haijafika karibu yake, kwa sababu mtambo wa tani kadhaa haubebwi kichwani. Kwa eneo lako reli ilifika Muheza mwaka 1896, Korogwe 1902. Hapo umeshapata mpaka mwingine bila kutoka nyumbani.

Mpaka wa juu je? Baada ya Vita vya Pili vya Dunia kiwanda cha Magdeburg kiliangukia upande wa Wasovieti, kikataifishwa, na baadaye kikapewa jina la Ernst Thälmann. Mtambo wenye jina la Krupp Grusonwerk, basi, ulitengenezwa kati ya 1893 na 1945.

Nimesema mtambo ulitengenezwa, sikusema picha ilipigwa. Wengi hujikwaa hapo. Korona, yaani mtambo wa kuparua majani ya mkonge kama huo wa kwenye picha yako, ilikuwa mashine ya kurithiana: visu vikiisha vinabadilishwa, beringi zikiisha zinasubiwa upya, na fremu ya chuma cha kusubu inaendelea kumtumikia mwenye shamba wa pili na wa tatu. Umri wa mtambo unakupa mpaka wa chini wa picha, haukupi zaidi ya hapo.

Kwa hiyo geuza picha. Kama ni karatasi ya kadi ya posta, itakuwa imechapwa hivyo mgongoni. Ikiwa imeandikwa Postkarte na ina mstari wa katikati unaotenga ujumbe na anwani, si ya kabla ya 1905, maana Wajerumani waliruhusu mgawanyo huo mwaka huo. Waingereza walitangulia, mwaka 1902, na zao zimeandikwa Post Card. Lakini usikimbilie kusema "Postkarte, basi ni enzi ya Mjerumani." Waingereza waliingia Tanga Julai 1916. Mashamba ya Wajerumani yalishikwa kama mali ya adui na kuuzwa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Kuanzia 1925 Wajerumani waliruhusiwa kurudi, baadhi yao wakanunua mashamba na kuagiza tena mitambo na karatasi za picha kutoka kwao, hadi vita vya 1939 vilipowaondoa mara ya pili. Jina la Krupp na neno Postkarte vinakubaliana na vipindi viwili vilivyoachana: kabla ya 1916, na kati ya 1925 na 1939. Baba wa babu yako angeweza kuwemo katika cha kwanza. Babu mwenyewe huenda katika cha pili.

Kinachovitenganisha vipindi hivyo ni nguvu iliyoendesha mtambo, nayo inaonekana. Fuata mkanda wa ngozi kutoka kwenye gurudumu kubwa uone unaishia wapi. Ukipanda juu hadi kwenye shafti ndefu iliyopita chini ya paa, na kama nyuma ya jengo kuna bomba refu la moshi na rundo la kuni, hiyo ni nguvu ya mvuke. Ukiishia kwenye injini iliyolala chini yenye gurudumu zito na tangi la maji ya kupoza, hiyo ni injini ya mafuta. Ukiwa mfupi na kuishia kwenye mota yenye waya, umeme ulikuwa umeshafika, na umeme wa maporomoko ya Pangani uliwafikia wakulima wa mkonge katikati ya miaka ya 1930; kampuni ya TANESCO yenyewe iliundwa 1931. Vibao vya injini navyo vina miaka yake. Ukisoma Ruston Proctor, injini ni ya kabla ya 1918. Ukisoma Ruston & Hornsby, ni ya 1918 au baadaye, kwa sababu mwaka huo ndipo Ruston, Proctor wa Lincoln walipoungana na Richard Hornsby wa Grantham. Jina la kampuni likibadilika, mchonga kibao analazimika kulifuata, na ndiyo maana mimi hukiamini kibao kuliko maelezo yaliyoandikwa chini ya picha miaka hamsini baadaye.

Angalia pia majani yanavyoingia mtamboni. Mashine za mwanzo kabisa zililishwa kwa mkono: mtu anasimama mbele ya gurudumu lililofunikwa, anaingiza jani, analivuta, analigeuza, anaingiza upande wa pili. Ilikuwa kazi ya kukata vidole. Korona na wenzake zinapokea majani yakiwa yamelazwa kwa upana juu ya minyororo au kamba, ngoma ya kwanza inaparua nusu moja, mshiko unahama, ngoma ya pili inaparua nusu iliyobaki, maji yakimwagika muda wote. Ukiona watu wanatandaza majani mezani, hakuna anayesukuma kwa mkono, uko kwenye kiwanda kilichokwisha kukua.

Utakapowauliza wazee, wote watakuambia hiyo ni "korona". Corona lilikuwa jina la biashara la mashine ya Krupp, lakini mashambani kwetu kila mtambo wa kuparua mkonge uliitwa hivyo, hata ulipokuwa Robey kutoka Lincoln au Stork kutoka Hengelo, Uholanzi. Neno la mzee usilichukue kama ushahidi wa mtengenezaji. Soma chuma.

Na ukisoma chuma, tafuta namba. Kwenye kibao, chini ya jina, mara nyingi kuna tarakimu peke yake: hiyo ni namba ya kazi ya kiwandani. Namba moja hiyo ina thamani kuliko kurasa kumi za simulizi, kwa sababu viwanda viliweka vitabu vya mauzo, na vitabu vingi vipo hadi leo. Krupp wana hifadhi yao ya historia huko Essen tangu 1905. Makumbusho ya maisha ya vijijini ya Uingereza, katika Chuo Kikuu cha Reading, yanatunza kumbukumbu na picha za viwanda vya zana za kilimo, wakiwemo John Fowler wa Leeds na Ransomes wa Ipswich. Ukiwaandikia watu wa hifadhi, andika barua fupi: jina la mtengenezaji kama lilivyo, namba ya kazi, aina ya mtambo, na nakala ya picha. Usiwaandikie "naomba historia ya shamba letu." Waulize swali moja linalojibika, na watakujibu.

Picha ya pili, ya kiberenge. Zile kingo za mawimbi zilipendwa kati ya miaka ya 1930 na 1960, kwa hiyo hapa tuko kwa Mwingereza, au mwanzoni mwa uhuru. Kitu cha kwanza cha kupima ni upana wa reli. Reli ya Usambara ina mita moja kamili. Njia za mashambani zilikuwa nyembamba, aghalabu sentimita 60. Huna haja ya rula: mtu mzima akisimama kati ya vyuma viwili na miguu yake ikakaribia kuvigusa vyote, hiyo ni njia ya shamba. Kibao cha kiberenge nacho kikuze. Orenstein & Koppel wa Berlin, walioanza 1876, waliuza vichwa na matoroli karibu kila koloni, na wapenzi wa reli wameshakusanya orodha za namba zao. Kumbuka kwamba toroli lilikuwa kazi ya karakana: mhimili ukipinda, linapelekwa kwa babu yako.

Kisha nenda mahali penyewe. Kama kipande cha reli kimesalia, hata kikitumika kama nguzo ya banda la mbuzi, sugua ubavu wake kwa brashi ya waya. Vinu vya chuma viliacha jina na mwaka kwenye ubavu wa reli vilipokuwa vinaiviringisha ingali nyekundu. Ni maandishi yaliyonyanyuka, yanayohisika kwa kidole kabla jicho halijayaona. Mwaka huo ni wa kutengenezwa kwa reli, na reli kuukuu zilihamishwa kutoka shamba hadi shamba, kwa hiyo nao uuweke kama mpaka wa chini tu.

Ukiwa pale, shika nakala ya picha na utafute aliposimama mpiga picha. Linganisha kona ya jengo na mlima ulio nyuma. Milima ya Usambara haijahama. Ukishajua jengo linatazama upande gani, kivuli kinaanza kusema. Tanga iko takriban nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Kuanzia kati ya Machi hadi mwisho wa Septemba jua la adhuhuri linapita kaskazini yetu na vivuli vinaangukia kusini. Kuanzia kati ya Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi mambo yanageuka. Kivuli kifupi miguuni mwa watu kitakuambia ni nusu gani ya mwaka. Hakikisha kwanza picha haikuchapwa kinyume, kosa lililotokea mara nyingi. Kama hakuna maandishi ya kukusaidia, tazama vifungo vya shati: shati la kiume upande wa kushoto wa mvaaji hulala juu ya ule wa kulia.

Picha ya rangi sitaikalia sana. Bendera ikiwa ya kijani, nyeusi, njano na bluu, ni baada ya Muungano wa 1964. Karatasi ikiwa laini yenye ngozi ya plastiki, ni ya miaka ya 1970 kuja huku. Mashamba mengi ya mkonge yalitaifishwa 1967 baada ya Azimio la Arusha na kuwekwa chini ya Shirika la Mkonge, baadaye Mamlaka ya Mkonge, na likaja wimbi la ubinafsishaji mwishoni mwa miaka ya 1990. Ukutani au kwenye kitambaa cha sherehe lazima kuna jina la mwajiri. Lisome, umemaliza. Jambo moja tu la kutazama kwa makini: hali ya jengo. Mwaka 1964 nchi ilizalisha karibu tani 230,000 za mkonge. Mwishoni mwa miaka ya 1990 zilikuwa tani 20,000 hivi. Kamba za plastiki na bei mbovu ziliua viwanda polepole, na paa la karakana ndilo hutangulia kuonyesha. Bati lililotoboka kwenye picha ya sherehe ni ushahidi wa kiuchumi.

Sasa umeuliza karakana ilifanya kazi gani hasa. Hapa acha kuwatazama watu wa mbele, pitisha jicho pembeni na nyuma, kwenye vitu ambavyo mpiga picha hakuvikusudia. Jani la mkonge lina nyuzi asilimia nne hivi, kilichobaki ni maji na takataka zenye utomvu unaokula chuma. Kwa sababu hiyo korona haikupumzika bila fundi. Visu vya ngoma vilinolewa na kubadilishwa, vikipishana kidogo tu na bamba lililo chini yake; pengo likizidi, jani linatoka na nyama yake, likipungua, nyuzi zinakatika na daraja la katani linashuka. Mwenye kulipima pengo lile alikuwa fundi. Ukiona ukutani visu vimetundikwa kwa safu, au ngoma imelazwa juu ya magogo, umeona moyo wa kazi ya babu yako.

Tafuta jiliwa kwenye ukingo wa meza. Tafuta fuawe na mvukuto. Hapo palikuwa na mhunzi. Mashine ya kukerezea hutambulika kwa kitanda chake kirefu na puli za ngazi, na ikiwepo maana yake karakana ilijitengenezea shafti na bushi bila kusubiri meli. Rundo la mchanga mweusi, masanduku ya mbao yasiyo na kitako na vyungu vya kuyeyushia ni dalili ya kusubu chuma au shaba, na karakana yenye kusubu haikuwa ya shamba moja, ilihudumia na majirani. Hilo pekee linaweza kubadilisha unachokijua kuhusu mahali hapo: pengine hakikuwa chumba cha kurekebisha matoroli, kilikuwa kiwanda cha uhandisi. Wakati wa Vita vya Pili, baada ya Wajapani kuiteka mwaka 1942 Ufilipino na visiwa vya Waholanzi (Indonesia ya leo), kulikotoka nyuzi nyingine za kamba, mkonge wa Tanganyika ulitakiwa kwa nguvu zote na vipuri havikupatikana. Mafundi wa Tanga ndio waliozifanya korona zile zizunguke. Sifa hiyo haijaandikwa inavyostahili, nami sichoki kuisema.

Kuhusu makaratasi, anzia karibu. Bodi ya Mkonge ofisi zake zipo Tanga mjini. Kituo cha utafiti cha Mlingano, hapo kwenu karibu na Ngomeni, kimeshughulika na mkonge tangu 1934. Makumbusho ya Urithi Tanga, katika Boma la zamani, wanajali picha za mji huu, na nenda ukawaonyeshe nakala. Dar es Salaam kuna Nyaraka za Taifa, zenye majalada ya Kijerumani, na mkusanyo wa Afrika Mashariki katika maktaba ya Chuo Kikuu. Huko omba Gazeti la Serikali la mwanzoni mwa miaka ya 1920, utafute matangazo ya uuzaji wa mali za adui. Majina ya mashamba yametajwa humo, na ndipo utakapompata aliyekuwa mwenye shamba kabla na aliyenunua.

Kwa enzi ya Mjerumani, magazeti ni hazina. Usambara-Post lilichapwa hapahapa Tanga, na jarida la wakulima Der Pflanzer lilianza 1905. Soma matangazo ya biashara kwanza: wauza mitambo walitia michoro ya mashine zao, na unaweza kulinganisha gurudumu lako na la kwenye mchoro. Mkusanyo wa picha za kikoloni wa maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt una picha zaidi ya 50,000 na unafunguka kwenye intaneti. Humo andika majina kama walivyoyaandika wao, Muhesa kwa mfano, la sivyo hutapata kitu. Picha za Walther Dobbertin, aliyepiga picha koloni zima, zimo kwenye hifadhi ya taifa ya Ujerumani. Za enzi ya Mwingereza zimo kwenye hifadhi ya taifa ya Uingereza huko Kew, katika mfululizo CO 1069.

Utakapofungua picha hizo utakutana na jambo la kuumiza. Meneja ametajwa, mtambo umetajwa, mbwa wa meneja pengine ametajwa. Waliosimama kuuzunguka mtambo wameandikwa "wafanyakazi". Hakuna hifadhi ya Ulaya itakayokupa jina la fundi aliyeshika spana. Jina hilo liko kwa bibi yako na kwa wazee wenzake, na kila msimu wa mvua wanapungua. Kwa hiyo, pamoja na kwamba nimekuambia uanze na chuma katika kuzipanga tarehe, kwa wazee nenda wiki hii.

Kwao usiende na majibu. Mpe mzee nakala kubwa iliyochapwa, mkononi, kwenye mwanga, kisha nyamaza. Usimwambie "hii ni korona ya Mjerumani." Muulize anaona nini. Mwache aanze na anachokijua: huyu ni nani, alikaa mstari gani kambini, alitoka Songea au Kigoma, aliletwa na Silabu au alikuja mwenyewe. Silabu, ofisi ya kuajiri vibarua wa mkonge, ilianza 1944, kwa hiyo akimtaja mtu kuwa alikuja na Silabu amekupa mpaka wa chini bila kujua. Muulize king'ora kililia saa ngapi, nani aliruhusiwa kuigusa mashine na nani hapana, kipande, ile kadi ya kuhesabia siku thelathini za kazi, kilijazwa na nani. Waulize wazee mmoja mmoja kwanza, ndipo uwakutanishe barazani wabishane. Omba ruhusa ya kurekodi kwa simu. Majina ya utani yaandike pia, maana mara nyingi ndiyo pekee yaliyobaki, na pembeni ya kila jina andika nani kalitaja na tarehe.

Umeuliza thamani. Kwa fedha, mnunuzi wa kadi za zamani atakupa kitu kidogo, na atachukua hiyo ya kahawia peke yake aachane na nyingine. Nakusihi usikubali. Picha arobaini za karakana moja, zilizotunzwa na fundi mmoja, zikikaa pamoja zinaeleza maisha ya mahali kwa vizazi vitatu; zikitawanyika kila moja inakuwa picha ya watu wasiojulikana mbele ya mashine. Wape makumbusho nakala za skani zenye majina, na halisi zibaki kwa familia. Zitoe kwenye bati lenye kutu, kila moja iwe kwenye bahasha ya karatasi isiyo na gundi, ndani ya boksi kavu, mbali na sakafu na ukuta wa nje, maana unyevu wa pwani hubandika picha moja kwa nyingine. Zilizokwisha kushikana usizitenganishe kwa nguvu. Kukiwa na filamu inayonuka siki, itenge na nyingine zote leo hiihii, inaoza na itaziambukiza.

Kisha rudi kwenye misingi ya zege. Pima umbali kati ya boliti zilizobaki, pande zote mbili, na upana wa mfereji wa maji machafu. Nitumie vipimo hivyo pamoja na skani ya picha ya kahawia, mbele na nyuma, na namba ya kibao ukiipata. Kwa vitu hivyo tutaweza kusema kama mtambo ulio nyuma ya wanaume wale ulisimama juu ya zege hilohilo, au kulikuwa na karakana nyingine kabla yake.